Kuichunguza Yoti ya Mbao ya Zamani: Mwongozo wa Kufuata Njia ya Maji

Mtu anayeiona yoti ya mbao ya zamani, yaani chombo cha matanga cha starehe na mashindano, kwa mara ya kwanza hutazama vanishi inayong'aa, mlingoti mrefu na shaba iliyosuguliwa, na hakosei kuvutiwa, kwa sababu vyombo hivi vilijengwa na watu waliotaka vipendeze. Fundi hutazama jambo jingine. Hujiuliza: mvua ikinyesha usiku kucha juu ya sitaha hii, maji yatapita wapi, yatatuama wapi na yatatokea wapi? Mwongozo huu unalifuata swali hilo tangu mkuku, ule mti mrefu wa chini kabisa ya chombo, hadi ncha ya mlingoti, kwa kuwa mapambo mengi ya yoti ya zamani, ukiyachunguza vizuri, utaona yalianza kama njia ya kuyaongoza maji au ya kuyazuia.

Maji ya bahari hayaozeshi mbao kwa urahisi. Kuvu inayokula mbao huhitaji unyevu unaozidi asilimia 20 hivi ndani ya mbao yenyewe, huhitaji hewa, huhitaji na joto la kadiri, na chumvi huidhoofisha. Maji ya mvua hupenya kwenye ufa mwembamba kuliko uzi, hukaa humo kwa kuwa jua haliyafikii, na baada ya misimu michache mbao iliyokuwa ngumu hugeuka ikawa kama mkate uliolowa. Ndiyo maana mabaharia wa zamani waliosha sitaha kwa ndoo za maji ya chumvi, na ndiyo maana katika hatua zote zinazofuata nitakuomba uyaogope maji baridi, yaani yasiyo na chumvi, kuliko bahari.

Chombo nitakachokitolea mfano ni Dorade. Kilichorwa na Olin Stephens akiwa kijana wa miaka 21, kikajengwa katika kiwanda cha Minneford kwenye City Island, New York, kikashushwa majini mwaka 1930. Urefu wake ni futi 52, karibu mita 16, ilhali upana wake ni futi 10 na inchi 3 tu, na hata leo anayekiona hukiona chembamba. Mwaka 1931 kilivuka Atlantiki kutoka Newport hadi Plymouth kwa siku 17 na kushinda mashindano hayo. Mwaka 2013, baada ya ukarabati mkubwa, kilishinda tena mashindano ya kutoka California hadi Honolulu ambayo kilikuwa kimeyashinda mwaka 1936. Chombo cha mbao hakifanyi kazi ngumu namna hiyo kikiwa na umri wa miaka 83 isipokuwa viungo vyake vilifikiriwa tangu mwanzo, na waliokirithi wakajua pa kutazama.

Msomaji aliyekulia ufukweni Nungwi kule Unguja au Matondoni kule Lamu, akiwaona mafundi wakichonga taruma, ule mti uliopinda unaoshika mbao za ubavu kwa ndani, kwa tezo, atayatambua mengi humu, na majina ya sehemu nimeyachukua kwao. Tofauti kubwa ni kwamba jahazi hujengwa kwa jicho na kumbukumbu ya fundi, ilhali yoti ilichorwa kwanza kwenye karatasi, kisha mchoro ukakuzwa sakafuni kwa ukubwa wa chombo chenyewe, na kila taruma likakatwa au kupindwa kulingana na mstari wa sakafuni.

Kabla ya kuanza, chukua kurunzi yenye mwanga mkali, nyundo ndogo ya mti au ya plastiki, maharazi ya fundi viatu, bisibisi, kioo kidogo cha mkononi, chaki na daftari. Mwombe mwenye chombo ruhusa ya kuchoma mbao kwa maharazi, tena mwambie waziwazi ni sehemu zipi utakazochoma. Akikataa kabisa, andika katika daftari kuwa amekataa, maana hiyo nayo ni habari.

Hatua ya kwanza: simama mbali

Chombo kikiwa nchi kavu, ondoka hatua thelathini au arubaini na ukitazame ubavuni. Mstari wa ukingo, yaani ule unaotoka omoni, mbele ya chombo, ukishuka taratibu katikati kisha ukapanda kidogo tezini, nyuma yake, unapaswa kuwa mkunjo mmoja usiokatika. Chombo kilichochoka huinamisha ncha zake mbili, kwa sababu omo na tezi hazibebwi na maji kama katikati, na mstari unakuwa bapa au hata unabinuka juu. Pita sasa mbele kabisa, funga jicho moja, utazame ubavu wa kulia kisha wa kushoto. Mwanga wa jioni, jua likiwa chini, huonyesha mawimbi madogo ya mbao ambayo adhuhuri hayaonekani.

Utaona pia kwamba omo na tezi za yoti nyingi za miaka ile zimechomoza mbali juu ya maji. Hilo halikufanywa kwa urembo peke yake. Mwendo wa chombo kisichopaa juu ya maji hutegemea urefu wa mstari wake majini: zidisha kipeuo cha pili cha mita hizo kwa 2.43, upate noti zake, yaani maili za baharini kwa saa, kwa makisio. Chombo chenye mita 9 majini kina mwendo wa noti 7.3 hivi. Kanuni za mashindano zilipima urefu huo chombo kikiwa kimesimama wima, basi wachoraji wakazirefusha ncha zilizo juu ya maji, ili upepo ukikilaza chombo, sehemu hizo ziingie majini na urefu wa kweli uongezeke. Ukilijua hilo, utaelewa kwa nini mbao za tezi zilizochomoza hubeba mzigo mkubwa kuliko zinavyoonekana, na kwa nini hapo ndipo pa kurudi na nyundo baadaye.

Kama kuna mfereji mwembamba uliochongwa chini ya ukingo na kutiwa rangi ya dhahabu, ufuate kwa kidole toka mwanzo hadi mwisho. Vyombo vya William Fife wa Fairlie, Uskoti, huumalizia mfereji huo kwa joka lililochongwa omoni, na mafundi wengi huipima heshima ya mwenye chombo kwa jinsi anavyolitunza joka hilo. Mimi huupima mfereji kwa sababu nyingine: panapokatika au kupinda ghafla, ubao umebadilishwa, na ni lazima kuuliza kwa nini.

Hatua ya pili: mkuku, farumi na boliti

Piga magoti chini ya chombo. Katika yoti ya aina hii farumi, yaani uzito wa kukituliza chombo, haimwagwi ngamani, chini kabisa ndani ya chombo, kama mawe ya jahazi. Ni pande moja zito la risasi au la chuma lililofungwa chini ya mkuku kwa boliti ndefu zinazopanda hadi ndani. Risasi ni bora, maana haishiki kutu na kwa uzito uleule huchukua nafasi ndogo. Chuma kilitumika palipotakiwa unafuu wa bei. Tazama maungio kati ya farumi na mti: yawe yamekaza, bila mstari wa kutu unaolia kuelekea chini. Mchirizi wa rangi ya chai iliyokolea unaotoka hapo ni habari ya boliti zenyewe.

Boliti hazionekani, na hapo ndipo wanunuzi wengi hudanganyika. Kichwa chake ngamani kinaweza kuwa kizima na kimepakwa rangi vizuri, kumbe katikati, pale panapokutana mti na farumi, imelika ikabaki na kiuno kama mshumaa uliopigwa na upepo. Mwaloni una asidi ya asili inayokula chuma, na chuma nacho kikishika kutu huuozesha mwaloni unaokizunguka. Viwili hivyo huangamizana. Njia ya uhakika ni kuing'oa boliti moja au mbili na kuziweka mezani. Kama boliti ni za chuma na hakuna kumbukumbu kwamba ziliwahi kung'olewa, usinunue kabla ya kuziona.

Kuna jambo moja dogo hapa ambalo napenda kuwaonyesha vijana wanaojifunza kazi. Mkuku huungana na hanamu, mti wa mbele, kwa kiungo cha mshazari mrefu, na nyuma huungana hivyohivyo na fashini inayobeba usukani. Kiungo cha mbao mbili, hata kikikazwa kwa boliti, huacha njia nyembamba ambayo maji yatatambaa humo mpaka yatokee ndani. Kwa hiyo fundi alitoboa tundu dogo lililokatiza kiungo toka ubavu mmoja hadi wa pili, katika mfuo ule ule unaopokea mbao za ubavu, akapigilia humo kijiti cha mbao laini na kavu, mara nyingi msonobari. Maji yakikifikia, kijiti huvimba na kuiziba njia. Tafuta ncha ya kijiti hicho: ni duara dogo la mbao ya rangi nyingine, kama sarafu. Pakiwa na kiungo kisicho na kijiti, au pakiwa na kijiti kilichotobolewa mbali na mfuo, hapo patavuja daima, na gundi haitasaidia.

Hatua ya tatu: mbao za ubavu, kalafati na misumari

Hii ndiyo hatua ndefu kuliko zote, nawe usiifanye kwa haraka. Anza kwa kutambua mtindo. Ama mbao zimekaa ukingo kwa ukingo na ubavu ni laini, kama jahazi. Ama kila ubao umeupanda kidogo ule wa chini yake na ubavu una ngazi ngazi. Dorade ina ubavu laini, wa mahogani juu ya mataruma ya mwaloni. Katika ubavu laini, maji huzuiwa na kalafati, yaani pamba inayopigiliwa kati ya mbao. Katika ubavu wa ngazi, huzuiwa na kule kukaza kwa mbao na ribiti tu, na mtu akijaza putti katika ngazi hizo ameficha ugonjwa, hajautibu.

Gonga kila ubao kwa nyundo, polepole, kila kiganja cha mkono. Mbao nzima hujibu kwa sauti kavu na fupi, na nyundo huruka kidogo mkononi. Mbao iliyooza hujibu kwa sauti nzito iliyokufa, kama kugonga gunia la chumvi. Utakapoisikia, tia alama ya chaki na uendelee. Usisimame kuchoma kwanza. Ukimaliza ubavu mzima, rudi nyuma uitazame chaki. Alama zilizotawanyika ni matatizo madogo madogo, lakini alama zilizojipanga chini ya ukingo au chini ya mahali waya za mlingoti zinapofungwa zinakuonyesha mahali mvua ilipoingilia. Hapo sasa ndipo pa maharazi.

Tazama vichwa vya mbao vinapokutana. Ubao mmoja haufiki toka omo hadi tezi, kwa hiyo huunganishwa, na kanuni ya zamani ni kwamba maungo ya mbao mbili zinazogusana yatengwe kwa nafasi tatu za mataruma au zaidi, na kwamba yasirudi kwenye taruma moja mpaka zipite mbao tatu. Fundi mwenye haraka anayebadilisha mbao huivunja kanuni hii, akaweka maungo mawili karibu karibu, na chombo hupinda hapo kama mkono uliovunjika ukaungwa vibaya.

Kalafati yenyewe haina siri kwa mtu wa pwani. Mwanya kati ya mbao mbili hukaza ndani na kufunguka kidogo nje. Pamba hupigiliwa humo kwa patasi butu na nyundo, rangi ya kwanza hupakwa juu ya pamba, kisha putti. Ugumu uko katika kipimo. Niliwahi kuitwa kuikagua yoti moja iliyokuwa imepandishwa nchi kavu katika hori moja la pwani yetu, ikaachwa juani miezi yote ya kaskazi bila turubai. Mbao zilikauka, mianya ikafunguka hata nikaweza kuingiza ukucha, na waliopewa kazi wakaona dawa ni kujaza pamba mpaka mwanya ushibe. Walipiga kwa nguvu na kwa bidii ya kweli. Chombo kiliporudishwa majini mbao zilivimba, zikakuta nafasi yao imeshachukuliwa na pamba, nazo hazikuwa na pa kwenda isipokuwa nje. Nilipoingia ngamani na kurunzi nilihesabu mataruma kumi na moja yaliyovunjika upande mmoja, yote mahali pale pale ubavu unapokunja kuelekea mkuku, na ufa wa kila moja ulikuwa mweupe, mpya, wenye nyuzi za mwaloni zilizosimama kama nywele. Chombo kilichokauka kinyweshwe kwanza: mwagia maji ya chumvi nje na ndani kwa siku kadhaa, funika kwa magunia yaliyolowa, na mwanya uliopitisha ukucha utajirudi. Kisha tia pamba kwa mkono mwepesi. Kwa sababu hiyo hiyo, ubavu upakwe rangi nyeupe. Rangi nyeusi au ya samawati iliyokolea inapendeza katika bahari za kaskazini, lakini chini ya jua letu huipasha mbao moto na kuifungua mianya.

Misumari na skrubu zimefichwa chini ya vizibo vidogo vya mbao. Katika kazi nzuri, mishipa ya kila kizibo imelala sambamba na ya ubao, na kizibo kimekazwa kwa vanishi badala ya gundi ili siku moja kitoke bila kuung'oa ubao. Kizibo kilichochomoza au kilichozungukwa na duara jeusi kinasema kwamba chini yake kuna chuma kinachovimba kwa kutu. Zibua skrubu mbili kila ubavu chini ya mstari wa maji. Ribiti za shaba nyekundu na skrubu za bronzi hudumu miongo mingi. Skrubu za shaba ya njano hazifai majini hata kidogo, kwa kuwa chumvi huitoa zinki iliyomo na kuacha kitu chekundu kinachovunjika kwa vidole. Chunguza pia mbao inayozizunguka bomba na vali za chini ya maji. Ikiwa nyeupe na imelegea kama pamba, huenda chombo kimefungwa vipande vingi mno vya zinki: ulinzi uliozidi kiasi huzalisha magadi yanayoila mbao karibu na chuma.

Funza wa bahari anajulikana kwetu. Huingia akiwa mdogo kama ncha ya sindano, akakua ndani na kuchimba mashimo yaliyopakwa chokaa ukutani, huku nje pakibaki kitundu ambacho rangi moja hukifuta. Wazee wa pwani humwua kwa kuchoma makuti chini ya chombo kisha kupaka deheni ya mafuta na chokaa. Moto huo usiufanye kwenye yoti, kwa sababu utaiyeyusha putti na kuifungua mianya. Tumia rangi yenye shaba, na upake tena kila mwaka. Mahali pa kumtafuta ni pale rangi hiyo inapokwanguka: chini ya mkuku, na ukingo wa nyuma wa usukani.

Hatua ya nne: ndani ya ngama

Fungua kila kipande cha sakafu kinachofunguka. Nusa kabla ya kutazama. Ngama yenye afya inanuka chumvi, dizeli kidogo, lami. Uozo unanuka uyoga. Mataruma ya yoti kama Dorade hupindwa kwa mvuke: kijiti cha mwaloni huwekwa ndani ya sanduku la mvuke kwa saa moja kwa kila inchi ya unene, kikatolewa na kupindwa kikiwa moto, kabla ya dakika chache kupita kikagoma. Pwani yetu njia ni tofauti: fundi huingia msituni kutafuta tawi lililojipinda lenyewe, na nyuzi za mti hufuata kona bila kulazimishwa. Kila njia ina udhaifu wake. Taruma la mvuke huvunjika kwenye kona kali, basi pitisha kioo nyuma ya matangi na vitanda na uifuate kona hiyo toka omo hadi tezi. Ukikuta mataruma mapya yaliyowekwa ubavuni mwa ya zamani, hilo si kosa, mradi hayakuishia yote kwenye mstari mmoja.

Kisha tafuta vitundu vya chini vinavyoruhusu maji kupita toka chumba hadi chumba mpaka kwenye pampu. Katika vyombo vilivyojengwa kwa uangalifu mnyororo mwembamba hupitishwa katika vitundu vyote, na baharia akiuvuta mbele na nyuma uchafu unatoka. Vikiziba, maji ya mvua hutuama juu ya viungo vinavyofunga mataruma na mkuku, pahali pabaya kuliko pote.

Hatua ya tano: sitaha, ukingo na kibanda

Sitaha nzuri ya msaji inastahili kutazamwa kwa dakika tano bila kusema. Mbao zake nyembamba zimepindwa kufuata ukingo, na omoni zinakutana na ubao mpana wa katikati. Kama zingekatwa kwa mshazari tu, kila moja ingeishia kwenye ncha nyembamba kama kisu, na ncha hiyo ingepasuka na kunywa maji. Kwa hiyo fundi alikata pengo dogo ndani ya ubao mpana, akaukata ubao mwembamba uwe na kichwa butu, akaviingiza kimoja ndani ya kingine, pengo baada ya pengo, kila moja kwa pembe yake. Hapo omoni utaujua mkono wa fundi wa zamani, na fundi wa sasa akikwambia kuwa anaweza kuitengeneza sitaha, mwombe akuonyeshe kazi yake ya sehemu hiyo.

Pima unene uliobaki. Sitaha inayosuguliwa kwa brashi ngumu kufuata mishipa ya mbao huliwa haraka, vizibo huwa vyembamba, na skrubu hutokeza. Mwagize anayeosha asugue kwa kukatiza mishipa, kwa brashi laini na maji ya chumvi.

Mbinuko wa sitaha hupeleka maji ubavuni, kwenye ubao wa ukingo. Ubao huo hutobolewa na nguzo fupi zinazobeba ukuta mdogo wa kuzunguka sitaha, na kila tundu ni mlango wa mvua kuelekea kwenye vichwa vya mataruma. Choma kwa maharazi pembeni mwa kila nguzo. Fanya hivyo pia pale bamba za waya za mlingoti zinapopita, maana bamba hujitikisa kila chombo kinapolala na putti haiwezi kukaa imara. Ndani, chini ya sehemu hizo, michirizi meusi juu ya rangi nyeupe itakuonyesha alikopita adui.

Kwenye kibanda, tazama pembe. Ncha ya ubao hunywa maji mara nyingi kuliko ubavu wake, na vanishi haikai kwenye pembe kali. Ndiyo maana katika kazi bora pembe za kibanda zina nguzo ya mbao iliyochongwa mviringo, na ncha za mbao za ubavu zimefichwa ndani yake. Doa la kijivu chini ya nguzo hiyo lina maana kwamba kiungo kimefunguka.

Sasa njoo kwenye kisanduku kinachobeba jina la chombo chenyewe. Kibanda kinahitaji hewa, kwa sababu hewa inayotembea hukausha mbao, lakini tundu la hewa juu ya sitaha huingiza pia mawimbi. Jibu lililopatikana kwenye Dorade, ambalo mabaharia duniani kote huliita kwa jina hilo mpaka leo, ni kisanduku cha mbao chenye bomba mbili zisizoelekeana. Hewa huingia kwenye mdomo wa shaba ulio juu upande mmoja, ikashuka ndani ya kisanduku. Bomba ya pili, inayoshuka kibandani, iko upande mwingine na imeinuliwa juu ya sakafu ya kisanduku. Wimbi likiingia mdomoni huanguka sakafuni na kutokea kwenye vitundu vilivyo usawa wa sitaha, ilhali hewa huendelea na safari yake. Kagua vitundu hivyo kwa kijiti. Nimevikuta vimezibwa kwa rangi mara nyingi kuliko nilivyovikuta wazi, na kisanduku kilichozibwa hugeuka kuwa birika linalomwagika kitandani.

Hatua ya sita: mlingoti

Mlingoti wa zamani wa aina hii ni wa mti wa sprusi, mwepesi, mtupu ndani, uliogundishwa kwa vipande virefu. Ulaze juu ya vigoda na ufuate mistari ya gundi kwa ukucha. Weusi unaopanda toka mguuni ni maji yaliyonyonywa na ncha, na mguu wenyewe ukae juu ya msingi wenye kitundu cha kutolea maji. Mikunjo midogo inayokatiza mishipa, kama makunyanzi ya ngozi, ni hatari kubwa: nyuzi zimepondwa upande unaobanwa, na mlingoti utavunjika hapo bila onyo.

Hatua ya saba: vanishi

Vanishi ni kinga dhidi ya jua na mvua, basi ipakwe kama kinga. Mbao tupu ipewe mkono wa kwanza uliozimuliwa nusu kwa nusu kwa tapentaini ili uzame, wa pili uwe mzito kidogo, kisha mikono sita au zaidi isiyozimuliwa, kila mmoja ukisuguliwa kwa msasa laini kufuata mishipa. Paka asubuhi umande ukishakauka, na uache kabla ya saa nane, ili unyevu wa jioni usiikute ikiwa mbichi. Katika ukanda wetu, mkono mmoja au miwili uongezwe kila miezi sita, kabla ya kuona doa. Ukishaona doa la njano lililoinuka, maji yako chini tayari, na sehemu hiyo lazima ikwanguliwe hadi kwenye mbao.

Hatua ya nane: kukirudisha majini

Kishushe wakati wa bamvua, maji yanapojaa sana, asubuhi, na mtu alale ndani usiku wa kwanza. Kila chombo kilichokauka huvuja kwa siku moja hadi tatu, mpaka mbao zivimbe. Hesabu mapigo ya pampu kila saa na uyaandike katika daftari pamoja na saa yenyewe: mia mbili, mia na sitini, tisini. Hesabu ikishuka, usiguse kitu chochote. Ikibaki palepale siku ya tatu, kausha ngama kwa sponji, mwaga unga mkavu wa chokaa kandokando ya mkuku, na ukae kimya na kurunzi. Mstari mweusi wa kwanza utakaoonekana juu ya weupe huo utakuonyesha kiungo kinachovuja, nawe utie alama yake ubavuni na kukipandisha chombo bamvua linalofuata.